Kwa Nini Simu ya Mashavu Ilizimwa

Nyumbani,
Chumba cha kushonea,
Jumapili, 22 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu wewe, wifi yangu na watoto wote wawili. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba ule mgongo wako uliokuwa ukikusumbua sasa umetulia. Wifi aliniambia baridi ya huko haina huruma na kwamba wewe bado unajifanya kijana, unatoka bila koti la maana. Vaa koti. Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Shemeji yako kikohozi kimemwachia. Mimi macho yananisumbua wakati wa kutunga uzi kwenye sindano, lakini hayo ni mambo ya umri, tumeyazoea. Mashavu ni mzima. Naomba hilo ulisome tena kabla hujaendelea. Mwanao ni mzima, anakula na analala.

Najua una hasira nami. Ujumbe wako wote nimeusoma, hata ule ulioufuta nilikuwa nimeshauona. Umeuliza ni nani aliyezima simu ya binti yako wiki nzima kabla ya mtihani, na kwa ruhusa ya nani. Ni mimi. Ruhusa sikuomba kwa mtu yeyote.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Nikisema neno, wewe umeshasema matano. Karatasi huwezi kuikatiza maneno. Kaa chini, soma mpaka mwisho, halafu ndipo ukasirike vizuri.

Ulipomwacha kwangu baada ya kumaliza sekondari, tulikubaliana kwamba ninyi mtangulie huko ng'ambo na wadogo zake, yeye abaki ajiandae na mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, na akishapata nafasi ahamie bweni. Lilionekana jambo jepesi. Tulimpa chumba cha nyuma, lakini unajua kilivyo na giza, basi akahamia kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, upande wa dirishani. Mimi nakata sare za shule upande huu, yeye anasoma upande ule. Nilifurahi kupata mtu wa kukaa naye. Siku zile alikuwa akisoma huku anaimba chini chini, na akichoka ananishonea vifungo. Kichwa anacho, hilo mimi na wewe hatubishani.

Ila wanaogombea nafasi hizo ni wengi kama siafu, na nafasi zenyewe ni za kuhesabu. Hilo peke yake linatosha kumtia mtu tumbo joto. Mashavu alilijua. Walimu wake wa tuisheni walimwambia kila walipofungua mdomo. Hakuhitaji mtu mwingine wa kumkumbusha, lakini alimpata, tena kila jioni.

Mwanzoni ulikuwa unapiga mara moja kwa wiki, na alikuwa akiingojea simu yako kama mtoto anayengojea zawadi. Baadaye ikawa kila jioni, mara tu ukitoka kazini, na hukuwa na swali jingine ila alama. Amepata ngapi kwenye zoezi la leo. Aliyeongoza amepata ngapi. Kwa nini fizikia imeshuka. Halafu ukamtaka awe anakusomea maswali aliyokosa, moja baada ya jingine, na kwa kila moja akueleze alikuwa akifikiria nini. Nilikuwa nasikia yote, kwa sababu aliiweka simu mezani kwa spika ili mikono iwe huru kufungua daftari. Mdogo wangu, nimeshonea wateja wakali. Nimeshonea maharusi waliokonda wiki ya mwisho wakanilaumu mimi gauni likiwapwaya. Sijawahi kuhojiwa namna ile. Wewe ni mhasibu, kazi yako ni kutafuta kosa mpaka ulikamate mkia, na kazini wanakulipa kwa hilo. Mtoto hakaguliwi hivyo.

Jioni ikikaribia, goti lake lilianza kucheza chini ya meza. Mwenyewe alikuwa hajui. Pini zangu ziliruka kwenye kisahani na mkasi ulitembea wenyewe. Nilimgombeza kwa utani kwamba ananipinda mistari ya chaki. Baada ya hapo akawa analibana goti kwa mikono miwili, jasho linamtoka, anatazama simu. Kisha akaacha kula chakula cha jioni. Kisha na cha asubuhi. Unakumbuka kwa nini tulimwita Mashavu alipozaliwa. Mashavu yenyewe yalikuwa yamekwisha, amebaki macho na meno. Lile gauni nililomshonea alipofika nililipunguza kiunoni, nikalipunguza tena, mwishowe nikaona aibu kulishika.

Na kusoma kwenyewe kulikuwa hakuna. Nilikuwa naweka uzi kwenye cherehani akiwa ukurasa fulani, namaliza sketi nzima, nachungulia, yupo ukurasa uleule. Alikuwa anayatazama maneno tu, na maneno yanamtazama.

Wala hukuwa peke yako, usijione unaonewa. Mjomba wake, yule muuza vipuri vya magari tunayemwita Profesa kwa kuwa hajawahi kukosa maelezo ya jambo lolote, alikuwa haishi kuja kumtuliza. Kumtuliza kwenyewe ni kumhadithia waliofeli. Kuna kijana alisahau kuandika namba yake ya mtihani. Kuna binti alizimia mlangoni akaamkia hospitali, karatasi zimeshakusanywa. Akishamaliza kumwaga hayo yote anakunywa chai yangu, anampiga begani na kumwambia asiwe na wasiwasi. Nanyi kwenye lile kundi letu la ukoo mlikuwa mmeshamwita Daktari. Daktari umeamkaje. Daktari, goti langu hili vipi. Daktari, sisi utatutibu bure. Mlidhani mnampa moyo. Siku moja nilimkuta ameegemea ukuta wa bafuni, simu mkononi, akaniuliza, “Shangazi, nikikosa, wataniitaje?”

Nilimpeleka zahanati, kwa sababu tumbo lilikuwa halimwachi. Walimpima kila kilichopimika, hawakuona kidonda wala mdudu. Muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, alituweka pembeni akatuambia kwamba ni wasiwasi uliomshukia tumboni, na kwamba si uvivu wala si ujinga, anawaona wengi kila msimu wa mitihani. Akamwonyesha namna ya kuvuta pumzi, aivute polepole kwa pua, aishikilie kidogo, kisha aitoe kwa mdomo kama mtu anayepoza chai. Akamwambia vitabu vifungwe jua likizama, ale hata kidogo kila asubuhi, atembee, alale. Akasema akikaa na maswali ya miaka ya nyuma, afanye kidogo kidogo kwa saa, si karatasi nzima kwa mkupuo. Halafu akanigeukia mimi na kuniambia nyumbani tupunguze kumuuliza.

Jioni ile nilikueleza. Unakumbuka ulivyonijibu. Ulisema nisimdekeze, kwamba wewe ulisomea kwenye mwanga wa koroboi na hakuna aliyekufundisha kupumua. Nilitaka kukukumbusha kwamba koroboi ile nilikuwa nakujazia mafuta mimi, na kwamba ulipokuwa unasoma hakuna aliyesimama nyuma yako na rungu. Lakini ulikuwa umeshakata.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wiki moja na siku kadhaa kabla ya mtihani, tuisheni waliwapa mtihani wa majaribio, wakawakalisha kama ukumbini kweli, na msimamizi na saa ukutani. Mashavu alifungua karatasi, kichwa kikawa cheupe. Alinieleza baadaye kwamba alilisoma swali la kwanza kama limeandikwa kwa lugha ya watu wengine. Alikaa, mikono imekufa ganzi, mpaka akasimama akatoka. Alirudi nyumbani kwa miguu, njia yote ile, akaingia, akavua viatu, akaniambia ametoka kabla ya wakati. Sikumuuliza kitu. Nilimpa maji.

Nilikuwa nimepanga nikupigie mimi kwanza, nikutulize kabla hujaongea naye. Profesa akaniwahi. Alipita tuisheni kumwangalia, akaambiwa, na kabla ya jioni ulikuwa umeshapata habari yote, tena imetiwa chumvi. Ulipopiga hukuuliza hata hali. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi, kitambaa kiko mezani. Uliongea muda mrefu kuhusu ulichokiacha huku na unachokivumilia huko, na yote kwa ajili ya nani. Kisha ukamwambia, “Usiponiletea hiyo nafasi, usinipigie simu tena.”

Naye akajibu, “Sawa, baba.”

Basi. Hakulia. Alifunga vitabu, akavipanga kimoja juu ya kingine mpaka pembe zikalingana, akazilaza kalamu zake pembeni kwa mstari, halafu akaenda nyuma kutapika. Nilimsikia. Tumboni hakukuwa na kitu cha kutapika, na bado hakuacha.

Sijui kama ulimaanisha. Nakujua tangu unatambaa, na najua mdomo wako hukimbia moyo ukiwa bado unavaa viatu. Pengine saa ileile ulijuta. Pengine wifi alikuvuta shati. Lakini yeye hakuyaona majuto yako, aliisikia sauti tu. Nikaweka mkasi chini, nikachukua simu yake, nikaizima, nikaifungia kwenye droo ya cherehani na ufunguo nikautia kwenye sidiria. Yangu nayo nikaizima. Nikamwambia shemeji yako asipokee simu kutoka huko mpaka nimwambie. Yeye, ambaye hapendi ugomvi hata na mbu, alinitazama, akamtazama Mashavu akirudi ameshika ukuta, akasema sawa.

Usidhani binti yako alifurahi, wala usidhani tulikula njama. Alinijia juu. Alisema nimemharibia, kwamba sasa utaona amejificha, kwamba nimemfanya aonekane mtoto mwoga. Alinidai ufunguo. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko zile za simu. Kila mtu akipita nje anashtuka. Alidondosha kikombe, akadondosha kingine. Saa yako ya kupiga ikifika anaitazama droo kana kwamba kuna mtu amefungiwa ndani. Nilianza kuona nimekosea, na nikawa nakukasirikia wewe kwa kunifanya nikosee, halafu namkasirikia yeye kwa kutokupona haraka, halafu naikasirikia cherehani. Nilikata mikono ya shati la mteja yote miwili ya kushoto.

Halafu asubuhi moja hakuamka. Nilikwenda kumwita nikamkuta amelala fofofo, mdomo wazi, daftari limeanguka sakafuni. Sikumgusa. Nilirudi chumba cha kushonea, na kazi ya asubuhi ile nikaifanya kwa mkono ili cherehani isimwamshe. Alipoamka jua lilikuwa limepanda. Alikuja amekunja uso, akanilaumu kwa kutomwamsha, na huku analaumu anakula mkate wangu.

Tangu hapo tukafuata maneno ya muuguzi, tukishindwa siku moja, tukijaribu tena siku inayofuata. Asubuhi maswali machache kwa saa. Yakimshinda, anaweka kalamu chini na kupoza chai yake isiyokuwepo. Nilizoea kumsikia upande ule wa meza akipuliza. Mchana anakwenda na shemeji yako kwenye kazi zake za friji, anambebea kisanduku cha vifaa. Siku moja walishinda kwenye friji la muuza nyama, na alirudi ananuka, ana grisi mpaka kwenye nyusi, akinieleza kwa nini gesi inapoa ikitanuka, kwamba jambo hilo liko kwenye kitabu chake na alikuwa hajawahi kulielewa. Shemeji yako alisema hakumfundisha kitu, yeye alikuwa anatafuta tundu linalovuja tu. Vitabu vilifungwa jioni. Profesa alipokuja nilimpokea nje, nikamkalisha nje, nikampa chai nje. Amenuna hadi leo.

Nilimpeleka pia kuuona ukumbi wa mtihani, ili usimshtue siku yenyewe. Mlinzi akatuzuia getini, anataka kibali. Kibali cha kutazama ukuta. Nilibishana naye mpaka sauti ikakauka. Mwisho tukazunguka kwa nje, tukaona vyoo viko wapi, mlango wa kuingilia uko upande gani, kivuli kinakaa wapi asubuhi. Mashavu alikuwa anacheka. Alisema mimi ndiye ninayehitaji kufundishwa kupumua. Nilikuwa na hasira mno kuona kichekesho, lakini nilisikia kwamba amecheka.

Asubuhi ya mtihani nilimvalisha sketi pana isiyombana tumbo. Alikula yai na nusu ya ndizi. Tukaenda mapema, na huko ndipo nilipotaka kurusha mawe. Mdogo wangu, wazazi wale. Nje ya geti palikuwa kama mnadani. Baba huyu anamsomesha mwanawe kanuni za kemia akiwa amemshika sikio. Mama yule anamkumbusha bintiye ada za shule zote tangu chekechea. Mmoja anasali kwa sauti, mwingine anatukana foleni. Watoto wenyewe wamekauka kama nguo kwenye kamba. Mashavu alisimama kati yao, nikaona rangi inamtoka. Akasogea ukutani, yai likatoka, ndizi ikatoka. Akajifuta kwa kitambaa changu, akasema, “Shangazi, turudi nyumbani. Siwezi.”

Nitakuambia ukweli, kitu cha kwanza kilichonipanda ni hasira. Nilifikiria kumkokota mpaka mlangoni. Nilifikiria wewe, nikafikiria mikesha yake, nikafikiria hata lile shati la mikono miwili ya kushoto. Kisha nikamtazama. Macho yake hayakuwa kwenye ukumbi, yalikuwa kwenye mkoba wangu, mahali nilipoiweka simu yangu.

Nikamwambia, “Haya, twende nyumbani.” Nikamshika mkono, nikaanza kutembea kweli. Haikuwa mbinu, uelewe. Nilikuwa nampeleka nyumbani.

Tulipofika barabarani akasimama. Akauliza, “Na baba utamwambia nini?”

“Nitamwambia uliumwa, tukarudi. Akitaka ugomvi, ni wangu na yeye. Nilimlea, nitammudu.”

Magari yanapita, mimi natafuta usafiri kwa macho. Alivuta pumzi yake ile, akaitoa, akavuta tena. Akaomba maji, akasukutua. Halafu akaniambia kwamba kama kurudi kunawezekana wakati wowote, basi atakwenda kuitazama karatasi kwanza. Akageuka. Sikumwambia usiogope. Nilimtazama mpaka sketi ikapotelea ndani.

Yaliyotokea ndani alinisimulia siku za baadaye, kidogo kidogo. Swali la kwanza lilimkataa tena, herufi zikaanza kutembea. Akaweka kalamu chini, akapuliza. Msichana wa dawati la mbele akageuka kumtazama; Mashavu akaona haya, akapuliza hivyohivyo. Akafungua karatasi kutoka nyuma, akakutana na kemia anayoijua, akaanza na hiyo. Mkono ulipotulia akarudi mbele. Kuna maswali aliyaacha wazi kwa sababu muda ulimwishia. Katikati alitaka kutoka, akakumbuka kwamba mlango hauna kufuli, akabaki. Alipotoka jua la mchana lilikuwa linawaka. Hakutaka kuzungumzia maswali. Alikula sahani yake na yangu, akalala kwenye lundo la vitambaa chini ya meza mpaka jioni, na wateja wakawa wanamruka.

Matokeo yametoka Alhamisi. Najua umeyatafuta na hukuyapata kwa sababu namba ya mtihani tunayo sisi. Nakuambia kama yalivyo. Jina lake halipo kwa waliochaguliwa. Liko kwenye orodha ya akiba, karibu na juu. Wasiporipoti baadhi ya waliochaguliwa, ataitwa. Wakiripoti wote, hataitwa. Ndiyo hali yenyewe, si ndani si nje. Nimempigia mtu wa ofisi ya chuo mpaka ananitambua kwa sauti. Ananiambia tusubiri.

Mashavu aliyasoma mwenyewe, nikiwa nyuma yake. Alilia, kidogo kuliko mimi. Kesho yake aliyapangusa vumbi madaftari yote, akayapanga upya, akasema asipoitwa atafanya tena mwakani. Nikamwambia basi tukupigie, akupe habari kwa mdomo wake. Nikampa simu yangu. Aliishika, akanirudishia.

“Mwambie wewe, shangazi. Mtihani siuogopi tena. Naogopa sauti ya baba.”

Hayo ni maneno yake, sikuongeza wala kupunguza. Ningeweza kukuficha, na kwa siku mbili nilitaka kukuficha, kwa sababu najua yatakavyokuchoma. Una moyo mwepesi kuliko unavyojionyesha. Lakini nimechoka kuwa ukuta kati yenu. Nimekasirika nawe kwa wiki nyingi mpaka mabega yananiuma, na hasira hii naitaka iishe, nina sare za shule nzima za kushona.

Siku hizi simu yake iko wazi, anayo mwenyewe. Ukimpigia, usimuulize chuo, wala akiba, wala mwakani. Muulize friji la muuza nyama. Mweleze huko kukoje, basi unalopanda linanuka nini, bosi wako anakuudhi vipi. Mtoto hajui hata unakula nini mchana, anajua tu unachotaka. Na kwenye lile kundi, tafadhali, waambie ndugu jina lake ni Mashavu.

Shemeji yako anakusalimu sana, anasema ukija atakufundisha kucheza bao upya kwa kuwa umesahau. Profesa anakusalimu pia, ingawa ameninunia. Msalimie wifi yangu, mwambie kitambaa chake kimefika na nitakishona nikipata upenyo. Wabusu wadogo wa Mashavu, na yule kitindamimba mwambie shangazi ameuona mchoro wake, ila mimi sina miguu mirefu hivyo.

La mwisho. Wifi amenidokeza kwamba mwezi wa nane utapata likizo na utatangulia kuja peke yako. Mashavu amesikia. Jana tukikunja vitambaa aliniuliza kama aje uwanja wa ndege kukupokea, au ni afadhali akusubiri hapa nyumbani. Nikamwambia nitakuuliza. Basi nakuuliza.

Mungu akulinde njiani na kazini, akupe usingizi mtulivu, na sisi sote atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia.